Mbegu za Mama Mikononi mwa Mtani

Jumatatu, 14 Januari 1952

Karanga zangu zote zimeugua. Zote! Mistari kumi na miwili, na hakuna shina hata moja lililosalimika. Majani yamekuwa madogo, ya njano, yamebanana kama nywele zilizolaliwa. Ni ugonjwa ule ule ambao Mzungu wetu wa shamba la majaribio anauita rozeti. Wanaoubeba ni chawa wa majani, wale weusi wadogo wanaojificha chini ya jani. Kutwa yuko na lenzi yake anawatafuta, ndiyo maana sisi wafanyakazi tunamwita Bwana Chawa.

Lakini hizi ni mbegu za mama! Mbegu za mama haziugui. Hata ule mwaka katapila walipomaliza kung'oa pori, na lile shamba kubwa la Wazungu likageuka njano kutoka barabarani hadi relini, uani kwa mama kulibaki kijani. Watu walikuja kushangaa. Wengine walisema anaroga.

Nilikaa juu ya tuta nikalia. Mtu mzima, mtalaka, nina nyumba yangu hapa Nambambo, nalia kwa ajili ya karanga! Mama hana hata miezi sita tangu tumzike. Alichoniachia ni kile kibuyu cha mbegu tu.

Kuna jambo haliko sawa.

Jumatano, 16 Januari

Nimejua. Mungu wangu, nimejua.

Kazi yangu pale shambani ni maua. Jioni tunafungua matumba ya karanga kwa kibanio, tunatoa sehemu ya kiume, tunafunga uzi mwekundu. Asubuhi tunachukua unga wa ua la karanga nyingine, tunapaka. Bwana Chawa anaozesha karanga jinsi watu wanavyoozesha watoto wao: huyu ana mwili, yule ana afya, tuone watazaa nini. Vidole vyangu vyembamba, tena naweza kuandika lebo, maana mjomba Yunusi alipokuwa mwalimu kule Ruangwa alinikalisha nyuma ya darasa la wavulana miaka minne. Hayo mawili ndiyo yaliyonipa kazi.

Basi leo nimehamishiwa mstari wa tisa. Kulia wagonjwa, kushoto wagonjwa — wamepandwa makusudi ili chawa wahamie. Katikati mstari mmoja wa kijani kibichi! Shina jekundu kama limepakwa hina. Nikalishika, nikapapasa vinywele vyake. Nimeipalilia karanga hii toka nina miaka mitano, nani atanidanganya? Kibao kimeandikwa S.4. Nikamuuliza Magreti, mwenzangu wa maua, S ni nini. Akasema S ni Selestini, kaleta mbegu za bibi yake.

Bibi yake!

Selestini ni msimamizi wetu. Mmakua wa upande wa Masasi, kaptula imenyooka kwa pasi, kalamu mbili mfukoni, na moja haina wino. Ukoo wake na ukoo wetu ni watani toka zamani. Kwa hiyo tulipomzika mama mwezi wa nane alikuja kufanya ya watani. Alilala mkekani akajifanya maiti, akadai uji. Akavaa kanga ya mama. Kisha akapanda darini jikoni, akashusha kibuyu cha mbegu, akasema hakitoki mkononi mwake mpaka kikombolewe. Watu walicheka mpaka waliokuwa wanalia wakanyamaza. Hata mimi nilicheka! Mjomba akatoa jogoo. Siku ya tatu kibuyu kikarudi, mdomo umezibwa kwa nta, safi kabisa.

Mama alikuwa amekwisha kuzimenya na kuzichanganya na majivu, maana alijua hataufikia msimu. Na karanga ikishatoka kwenye ganda huwezi kuitambua, nyekundu ni nyekundu tu. Selestini akatia za sokoni. Na jogoo akamla.

Jumapili, 20 Januari

Nimekwenda Ruangwa kwa lori la muhogo, nimerudi na mgongo unauma na moyo ndio zaidi.

Mjomba Yunusi alinisikiliza mpaka mwisho. Nilimwambia nataka kumpeleka Selestini barazani kwa jumbe. Akaniuliza, "Mpwa wangu, mtani anashtakiwa wapi? Utasema nini mbele ya watu? Utasema alikuibia msibani? Watacheka, na jumbe mwenyewe atacheka wa kwanza."

Nikasema huu si utani, huu ni wizi. Mbegu hurithiwa na binti kutoka kwa mama, haichezewi. Akakubali. Lakini akasema kosa ni lake yeye. Alikipokea kibuyu mbele ya ukoo mzima bila kukifungua. Kwetu kitu kilichokombolewa kwa mtani hakikaguliwi. Ukikikagua umemwita mwizi, na utani wa babu na babu unavunjika hapo hapo. Basi hakukikagua, na kwa kuwa hakukikagua, shauri lilikwisha siku ile. Selestini alilijua hilo. Alilitegemea hilo!

Nilimuuliza, kwa hiyo nikae kimya? Akavuta ugoro wake taratibu. "Sijasema ukae kimya. Mtani hashtakiwi. Mtani anarudishiwa."

Nimeyaandika maneno hayo ili nisije nikajifanya sikuambiwa.

Jumanne, 5 Februari

Tumeanza kuozesha S.4 na ile karanga kubwa ya ng'ambo ambayo ina mbegu nene lakini inaugua upesi. Nimefunga nyuzi arobaini na mbili. Selestini amesimama nyuma yangu jioni nzima. Mtumwa wangu, anasema, fanya polepole, hiyo ni damu ya bibi yangu! Wenzangu wakacheka. Nikamjibu kama mtani anavyojibiwa, nikamwambia bibi yake alikuwa hajui hata kupika ugali, karanga atazijulia wapi. Wakacheka tena. Yeye alicheka kuliko wote.

Meno yale. Ningekuwa na kibanio kikubwa kidogo tu!

Jumatano, 27 Februari

Nimetoka Kiegei kumwona dada Mwanamvua. Shamba lake la karanga limekwisha, njano tupu. Mtama bado mchanga. Wanakula ming'oko. Zamani ilikuwa kazi ya asubuhi moja tu, unaingia porini na jembe lako, unachimba, unarudisha kichwa cha mzizi ardhini ili mwakani kiwepo tena. Sasa pori la karibu limesukumwa na katapila likawa milima ya magogo. Dada anatembea saa mbili kwenda na saa mbili kurudi, na huko anawakuta wanawake wa Naipingo wameshatangulia. Wengine hawarudishi tena kichwa. Njaa haina adabu.

Watoto wake wanne wamekonda. Yule mdogo, Swaumu, ananishika kanga anauliza nimeleta nini. Nilikuwa na sukari kidogo.

Dada aliniuliza mbona mbegu za mama sijamgawia. Nikamwambia zimeugua. Alinitazama kwa mashaka, anadhani nimemnyima! Dada yangu mwenyewe anadhani mimi mchoyo, na hilo pia ni deni la Selestini.

Alhamisi, 24 Aprili

Tumeng'oa S.4 leo. Nilisubiri siku hii miezi mitatu. Nikang'oa shina la kwanza, nikakung'uta udongo, nikatazama maganda. Ncha imepinda kama mdomo wa kasuku. Kila ganda! Mama alikuwa anatuchekesha nayo tulipokuwa watoto, anaibana puani anajifanya ndege.

Nimejaza gunia moja.

Saa nane Bwana Chawa akatukusanya. Anasema katika mbegu zote mia moja na kumi walizojaribu, kutoka Kongo, kutoka Uhindi, kutoka wapi sijui, ni hii moja tu ya hapa hapa iliyosimama. Amefurahi mpaka shingo imekuwa nyekundu. Anasema ataiandika kwenye ripoti yake kwa jina la aliyeileta. Na mwakani aliyeileta atapelekwa chuo cha kilimo bara, mwaka mzima, arudi bwana shamba kamili. Selestini akavua kofia akainama kama yuko kanisani.

Ijumaa, 25 Aprili

Namchukia. Sina la kuongeza.

Jumatatu, 28 Aprili

Sikuweza kuvumilia. Nimekwenda ofisini kwa Bwana Chawa nikamwambia mwenyewe, nimesimama wima. Nikamwambia ile ni mbegu ya mama yangu, binti Kaimu, na Selestini aliichukua msibani. Nikamweleza jogoo, kibuyu, nta, yote. Bwana akaweka lenzi mezani. Alinisikiliza kwa makini, nitasema kweli. Akamwita Selestini.

Na Selestini alifanya nini? Alicheka! Akapiga paja. "Bwana, huyu mtani wangu! Jana kaniambia bibi yangu hajui kupika. Leo kanifanya mwizi. Kesho atasema hata hii kaptula ni yake." Halafu akanigeukia akasema kwa sauti ya upole, haya mtani, umenipata, nitakukomboa kwa chumvi.

Makarani wote dirishani wakaangua kicheko. Bwana Chawa akacheka pia. Amekaa huku miaka minne, watani anawajua, anafikiri ameelewa. Akaniambia nami najua kutania vizuri sana, kidogo aniamini.

Nilitoka nje nikasimama nyuma ya tangi la maji. Sikulia. Machozi yalikauka yenyewe kwa hasira. Sasa basi. Nilijaribu njia ya kweli, wote ni mashahidi, wakaicheka.

Jumatatu, 14 Julai

Mungu si Athumani!

Watoto wa ile ndoa — S.4 na karanga ya ng'ambo — tuliwapanda kiangazi hiki ndani ya vyumba vya chandarua, tunawamwagilia kwa kopo, na chawa tumewatia ndani kwa makusudi. Leo wameonekana. Wagonjwa! Wote thelathini na saba! Njano, wamejikunja, hakuna hata mmoja aliyemfuata mama yake. Selestini amezunguka vyumba vile tangu asubuhi, uso umemshuka, pasi ya kaptula imelala. Alisema labda nimekosea nyuzi. Nikamwonyesha lebo moja moja kwa mwandiko wangu, na sahihi yake chini.

Damu ya bibi yake imekwenda wapi? Nilimuuliza hivyo mbele ya watu, kwa utani. Leo sikumwona akicheka.

Jioni nimepika samaki mkavu kwa nazi. Nimekula peke yangu na nimeshiba vizuri.

Jumamosi, 19 Julai

Nilifurahi mapema mno.

Bwana Chawa ametuita wote mezani. Mimi nilikuja kushuhudia Selestini anafukuzwa. Kumbe Bwana anatabasamu! Anasema hivi ndivyo alivyokuwa anatazamia. Akamwaga maharagwe mezani, kumi na tano meupe, moja jekundu. Kwa Kiswahili chake kile akasema, "Mtoto nagonjwa, hapana neno. Mjukuu napona." Anavyodhani, afya ya ile karanga inatokana na vitu viwili vya urithi vinavyojificha. Mtoto akipata kwa mama tu, ugonjwa unamshinda. Lakini wagonjwa hawa wakizaa, kila wajukuu kumi na sita, labda mmoja atakusanya vyote viwili na kufanana na bibi. Huyo ndiye anayemtaka, mwenye mwili wa ng'ambo na afya ya hapa. Kwa hiyo wagonjwa wasing'olewe, watunzwe wazae hata kama ni mbegu tatu tatu.

Nilielewa. Ndilo linaloniudhi, nilielewa kuliko wote waliokuwapo, hata kuliko Selestini aliyekuwa anatingisha kichwa ovyo ovyo. Kwetu tunasema mtoto fulani amemrudia bibi yake. Ni jambo zuri, linanipendeza, na linampandisha Selestini ngazi nyingine.

Nimechoka kungoja mimea inilipizie. Nitajilipizia mwenyewe.

Jumanne, 30 Septemba

Bwana Chawa amenunua kabati la bati. Anakusanya mbegu za zamani kutoka kila kijiji, Naipingo, Kiegei, mpaka huko mpakani, anatia kwenye makopo na kuandika. Anasema tangu mbegu za ng'ambo zilipogawiwa bure watu wameacha zao, na kibuyu kikiisha kimekwisha, hakuna duka linaloziuza. Ni kweli. Bibi zetu walikuwa na karanga za namna saba na majina yake. Leo naweza kutaja mbili.

Kopo la kwanza kabisa kwenye kabati limeandikwa S.4. Ni punje kumi kumi za kuonyesha wageni tu. Kila nikifungua kabati nalisoma.

Alhamisi, 6 Novemba

Sikiliza, daftari. Sikiliza vizuri.

Mvua zinakaribia na lile gunia la S.4 lazima limenywe. Bwana Chawa hataki limenywe ghalani, kuna mbegu nyingine zitachanganyika. Amesema lipewe mtu mmoja mwaminifu amenye nyumbani kwake, peke yake, chumba kisiwe na karanga nyingine. Na Selestini — Selestini mwenyewe! — akasema mpe mtani wangu Hajira, mkono wake safi.

Gunia liko chumbani kwangu sasa hivi. Nimelikalia nikiandika haya.

Zitapandwa kwenye shamba la maonyesho kando ya barabara. Mwezi wa pili wakubwa wanakuja kutoka Dar es Salaam na ng'ambo kutazama karanga isiyougua. Selestini atasimama mbele na kofia yake, ndipo apewe barua ya chuo. Waje! Wakute njano, kutoka mwanzo hadi mwisho. Akaseme bibi yake anatania.

Na ikishatoka kwenye ganda, nani ataitambua? Yeye ndiye aliyenifundisha.

Jumatano, 12 Novemba

Nimefanya.

Siku nne nimenunua karanga nyekundu sokoni, kidogo kwa huyu, kidogo kwa yule, nikazichagua zilingane. Leo nimerudisha madebe mawili. Selestini amepima kwenye mizani, amechota, amezipeperusha kidogo mkononi, akasema safi sana. Akaandika lebo, S.4, akatia sahihi kwamba yeye ndiye aliyepokea na kuhakiki. Nilimwomba aiandike kwa ile kalamu yenye wino. Akacheka.

Maganda ya mama nimeyachoma. Mbegu zake ziko chini ya kitanda changu, madebe mawili, nyekundu, nzima. Nimezishika kwa mikono yote miwili, nikamwambia mama nimezirudisha. Nimelala mchana kama mtoto.

Jumapili, 30 Novemba

Mvua ya kwanza ilinyesha Alhamisi. Nimepanda zote. Ng'ambo ya mwisho ya milima ya magogo, katapila hawakufika huko, kuna kiwanja wanawake walikiacha baada ya kuchimba ming'oko. Udongo mweusi, mzuri. Siku tatu nimelima peke yangu, nimesema kazini naumwa. Sikubakiza hata punje, naogopa kuweka nyumbani. Mwezi wa tano nitavuna, nitampelekea dada magunia, nitamwambia yote, na atajua kama mimi ni mchoyo.

Mikono imechubuka. Sijaona raha kama hii tangu niachike.

Jumatatu, 8 Desemba

Bwana Chawa amekuja na jambo jipya. Sijui niliandikeje.

Anasema njaa ya mwaka huu imemwuma. Hawezi kungoja ripoti wala wakubwa. Shamba la maonyesho litapandwa nusu tu. Mbegu nyingine zitagawiwa Jumamosi kwa wanawake ishirini na wanne wa Kiegei, Naipingo na Nambambo, kopo moja kila mmoja. Masharti ni kwamba wazipande peke yake, wasiweke karanga nyingine shambani, na wakivuna warudishe makopo mawili ili wengine wagawiwe. Ndivyo mbegu itakavyorudi kwa watu, anasema.

Na atakayegawa ni mimi. Kwa kuwa naandika.

Nikamwambia labda tungoje mwaka mmoja, tujaribu tena. Akashangaa. Akasema yeye alidhani mimi ndiye nitakayefurahi.

Alhamisi, 11 Desemba

Dada Mwanamvua amekuja kwa miguu kutoka Kiegei. Jina lake limo! Amecheka toka mlangoni. Ametayarisha sehemu yake bora, ile ya kichuguu. Nikamuuliza mbegu zake za zamani, zile alizobakiza, amezifanya nini. Akasema amezikaanga. Za nini tena, si zinaugua? Watoto wamekula siku mbili mfululizo, Swaumu alilala na tumbo limejaa. Na wenzake pia wamekaanga, wote waliomo kwenye orodha. Selestini alipita nyumba kwa nyumba akawaambia msihangaike na takataka za zamani, mbegu ya kweli inakuja.

Nilitaka kumwambia. Nikimwambia yeye asipande, anunue nyingine, ataniuliza kwa nini. Na wale ishirini na watatu? Na nikimwambia, kesho Kiegei nzima imejua, keshokutwa Bwana, Jumatatu niko gerezani Lindi na lile shamba langu kule porini linang'olewa kama ushahidi. Na Selestini anabaki amevaa kofia yake. Mwathirika! Atanisamehe mbele ya watu, nakwambia, atanisamehe kwa sauti kubwa!

Nimempa dada muhogo mkavu abebe. Amekwenda anaimba.

Jumamosi, 13 Desemba

Naandika kwenye daftari hili hili kwa sababu nimelipakata pamoja na orodha. Niko ghalani, nimekaa juu ya sanduku. Mapumziko ya saa sita. Waliokwisha kuchukua ni kumi na mmoja. Nimewapimia kwa mkono wangu, kopo la sigara, kila mmoja amesema asante mwanangu, asante mdogo wangu. Bibi mmoja wa Naipingo, Kiswahili kinamshinda, alinishika kichwa akaniombea kwa Kimwera. Nilijibu amina.

Mvua imenyesha asubuhi. Wanataka kuondoka upesi wakapande leo leo.

Sasa hivi Selestini ameingia. Peke yake. Hakuniita mtumwa, hakuniita mke wake. Amesimama anageuza kofia mkononi, akasema Hajira. Nadhani hajawahi kuniita jina langu tupu, bila utani.

Anasema alipoiona ile karanga uani kwa mama, ule mwaka shamba kubwa lilipogeuka njano, kijani peke yake, alijua. Alijua pia kwamba tukiulizwa hatutatoa, na kwamba mimi nikiipeleka, Bwana hatasikiliza mwanamke wa maua. Msibani akaichukua kwa njia aliyoijua. Kisha akasifiwa, na sifa ni tamu, akashindwa kurudi nyuma. Siku ile ofisini alicheka kwa hofu. Anasema leo ameona wale wanawake wamejipanga, ameshindwa kula. Amekwisha kumwandikia Bwana barua ya kukiri, iko mfukoni, atampa leo ugawaji ukimalizika. Jina libadilishwe, liwe la mama. Binti Kaimu. Na chuo nacho wakiondoe wakitaka.

"Mbegu ya mama yako leo inakwenda kwa watu," akasema. "Hilo tu nilitaka ulisikie."

Sasa! Sasa ndiyo anasema! Miezi kumi na moja nimelala na neno hili, nimeamka nalo, nimelima nalo, na yeye analitoa leo, makopo kumi na moja yamekwisha kutoka mlangoni! Nilimtazama nikatamani kumpiga na debe. Sijawahi kumchukia kama nilivyomchukia dakika ile. Hata kulipiza ameninyang'anya! Akaniuliza mbona silii, au mbona sifurahi. Nikamwambia atoke, napanga orodha.

Lebo iko mbele yangu. S.4, imepokewa na kuhakikiwa, sahihi yake. Na watasema jina la mama. Mwezi wa pili mashamba ishirini na manne yatakuwa njano na watasema ni mbegu ya binti Kaimu.

Nikisema sasa hivi, wale kumi na mmoja wanaweza kufikiwa. Wako njiani, wanatembea na mizigo, baiskeli ya ofisi ipo. Nikisema sasa, kule porini zimeota, urefu wa vidole viwili, nilikwenda kuziona juzi. Watakwenda nazo wapi? Bwana atazing'oa? Atazitunza? Sijui! Na mimi?

Kengele imepigwa. Wanasimama, wanakung'uta kanga. Bwana Chawa ameingia na miwani yake imeloa mvua, anasema tuendelee. Selestini yuko mlangoni, mkono uko kwenye mfuko wa shati, pale penye barua. Dada Mwanamvua ndiye wa kwanza kwenye mstari. Amefungua pindo la kanga amelishika kwa mikono miwili, anacheka nami. Kopo liko ndani ya debe na mimi bado naandika.

Bwana ameuliza naandika nini kirefu hivyo. Dada amemjibu kabla yangu, kwa fahari, mpaka wa nyuma wakasikia. Anasema mdogo wake anaandika majina yao.